Yasmini kwenye Mkono wa Georgette

Wivu wa Déogratias ulianzia kwenye macho ya Patrice, siku Patrice alipoyafumba.

Ilikuwa asubuhi ya soko pale Baraka, jua bado halijawa kali, na meza ya mafuta ya manukato ilikuwa imeshazungukwa na wanawake. Déogratias, ambaye soko zima lilimwita Déo, alisimama nyuma ya sanduku lake la chupa ndogondogo akizipangusa vumbi moja moja. Kando yake, kwenye kigoda, alikaa mke wake Georgette, amekunja mkono wa blauzi hadi juu ya kiwiko. Patrice, dereva wa lori la kwenda Lulimba, alipenya katikati ya wanawake, akasalimia, akaomba anusishwe yasmini iliyochanganywa na sandali. Georgette akanyoosha mkono. Patrice akauinamia, akavuta pumzi, akafumba macho.

Watu wengi walikuwa wameunusa mkono ule. Wapo waliokunja pua, wapo waliocheka, wapo waliouliza bei hapohapo. Kufumba macho hakuna aliyewahi. Alipoyafumbua, Patrice hakumtazama Déo mwenye meza. Alimtazama Georgette, akasema taratibu:

"Njo yenyewe. Njo hii nilikuwa natafuta."

Akanunua chupa, akashukuru, akaenda kwenye lori lake. Déo alipokea pesa huku kitu kimemkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Kusema kweli, aliyeuweka mkono ule mezani alikuwa yeye mwenyewe. Déo aliondoka Baraka mtoto, amebebwa mgongoni wakati wa vita, akakulia kambini ng'ambo ya ziwa, Tanzania. Alipopata nguvu za kufanya kazi aliingia kwa bibi mmoja wa Ujiji aliyeuza udi na marashi, kwanza kumchotea maji, baadaye kumshikia chupa. Bibi yule hakumruhusu mteja kununua kwa kunusa kifuniko. Alimpaka tone moja ndani ya kifundo cha mkono, akamkataza kusugua, akamwambia azunguke soko kisha arudi. Maana mafuta yakikaa kwenye ngozi hubadilika. Mwanzo hupanda kichwani kwa ukali, karibu kama petroli; yakishapata joto la mwili hutulia, maua yakajitokeza; na mwisho, jua linapoanza kushuka, hubaki kile ambacho ngozi ya mtu imekubali. Waridi lilelile kwa huyu hubaki waridi, kwa yule hugeuka likawa kama pombe ya ndizi iliyolala. Déo alikuwa na pua, na bibi aliligundua hilo mapema. Alimfundisha yote.

Aliporudi kwao Baraka akiwa kijana, alirudi na sanduku la mafuta. Akamwoa Georgette, binti wa watu wa Lusenda, mrefu, mwenye maneno machache na kicheko kinachokuja kikichelewa. Siku za mwanzo za ndoa Déo alikuwa na chupa kubwa ya yasmini na sandali iliyomkataa. Kila mteja aliyempaka alirudi akilalamika kwamba ananuka maji ya maua yaliyosahaulika kwenye kopo. Jioni moja Georgette, akicheza tu, akajipaka. Asubuhi yake alipopita na bakuli la uji, Déo aliinua kichwa. Yasmini ilikuwa imekaa kwenye ngozi ya mke wake kama mkate unaotoka motoni na maua ya mlimao dirishani.

"Mama, umepaka nini?"

"Si ile yako yenye bantu banakataaka?"

Siku ileile alimpeleka sokoni. Akina mama walinusa mkono wa Georgette, wakanunua. Waliporudi kulalamika kwamba kwao haikuwa vile, Georgette aliwatafutia mafuta mengine ya kuwafaa, akiwapaka na kuwangojesha bila haraka. Meza ikajulikana. Walitoka wanawake wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda, walitoka akina mama wa milimani waliokuja kuuza maziwa, walitoka wachimbaji wa dhahabu waliotaka kurudi kwa wake zao na kitu cha kuomba msamaha. Watu waliacha kusema wanakwenda kwa Déo. Walisema wanakwenda kwa mkono wa Georgette, na Déo alicheka pamoja nao, akijivuna. Binti yao Divine alizaliwa na kukua chini ya meza ileile.

Hayo yote yalikuwa raha mpaka Patrice alipofumba macho.

Patrice alirudi soko lililofuata, akarudi tena. Alikuwa kijana wa adabu, shati lake safi ingawa kucha zilikuwa nyeusi kwa grisi. Mara ataomba anuse tena ileile, mara atauliza kama ikichanganywa na miski kidogo itakuwaje. Swali alimuuliza Georgette, jibu alilisikiliza kutoka kwa Georgette. Siku moja Déo alikwenda kununua makaa, na aliporudi akawaona kwa mbali: Patrice amechuchumaa mbele ya kigoda, Georgette ameinama anamwambia jambo, na kile kicheko chake cha kuchelewa kikamtoka. Déo alipofika kicheko kilikuwa kimeisha. Patrice akasimama, akamsalimia kama kaka mkubwa.

"Bonjour, yaya Déo."

"Mulikuwa munacheka nini?"

"Maneno ya safari tu," alisema Patrice, akaaga.

Déo akamgeukia mkewe. "Mama Divine, mulikuwa munacheka nini?"

"Si amekuambia? Maneno ya safari."

Tangu hapo Déo hakuwa tena mtu wa kuuza. Mikono yake ilishika chupa, macho yake yalishika mkono wa mkewe. Aliona vidole vya wateja vinapomshika kifundo, akahesabu ni nani anayekawia. Alianza kwa kusema kwamba wanaume wanuse bila kushika. Kisha akasema wanaume wapakwe kwenye kitambaa, jambo ambalo yeye mwenyewe miaka yote alilikataza kwa sababu kitambaa hakibadilishi mafuta. Mwishowe alimwambia Georgette abaki nyumbani.

"Juu ya nini?" Georgette aliuliza.

"Mtoto anakosa muntu wa kumuangalia."

"Mtoto yuko ku masomo asubui yote."

"Mi nimesema."

Georgette alimtazama kwa muda, akateremsha mkono wa blauzi, akafunga kifungo. Utii ule Déo aliuhesabu kuwa ushahidi.

Sokoni akabaki na mkono wake mwenyewe. Mama Fanny, mteja wa siku nyingi aliyeuza sombe, majani ya muhogo, upande wa pili wa njia, alikuja kunusa yasmini kwa ajili ya arusi ya mpwa wake. Alinusa mara moja, akarudi nyuma.

"Déo! Kwa Georgette hii ilikuwa maua. Kwako iko kama mbuzi dume mwenye amenyeshewa. Bibi yako iko wapi?"

Wenye meza za jirani waliangua kicheko. Déo naye alijilazimisha kucheka, lakini moyoni aliona hata Mama Fanny anajua jambo ambalo yeye hajaambiwa. Aliyemuumiza zaidi alikuwa Patrice. Alikuja, akakuta kigoda kitupu, akasimama akikitazama.

"Mama Divine anagonjwa?"

"Iko muzima. Unataka nini kwake?"

"Apana, yaya. Nilitaka tu kumusalimia."

Lile neno "tu" lilimchoma Déo siku nzima.

Jumapili ile Georgette alikwenda misa ya kwanza peke yake. Alikawia kurudi, akasema alipita kumwona jirani mgonjwa. Déo alikwenda misa ya pili. Walipotoka kanisani, kwenye msongamano wa watu wanaosalimiana, Patrice akamjia na kumgusisha kichwa upande huu na upande ule, kama wanaume wanavyosalimiana. Pua ya Déo ikafika kwenye kola ya shati lake.

Mkate wa moto na maua ya mlimao.

Déo hakuuachia mkono wa Patrice. "Unajipakaka ile yasmini?"

"Mimi?" Patrice alicheka. "Apana. Mi muntu wa lori, wa grisi na mazutu, nitapaka manukato ya nini?"

Angesema ndiyo, Déo angepumua, ingawa asingemwamini. Maana mwanaume yule angejipaka yasmini ile, ingemgeukia kama ilivyowageukia wengine. Harufu aliyoinusa haikutoka kwenye chupa. Ilikuwa imeshapita kwenye ngozi, ikaiva, ndipo ikahamia kwenye kola. Na ngozi inayoweza kuiivisha hivyo, katika miaka yote ya kuuza, Déo aliijua moja. Alitembea kwenda nyumbani haoni njia.

Alimkuta Georgette nyuma ya nyumba, anachambua mchele kwenye ungo. Aliingia ndani, akatoka na chupa, akauondoa ungo mapajani mwa mkewe na kuuweka chini.

"Leta mukono."

"Papa Divine, una nini?"

"Leta mukono, nimekuambia."

Akampa. Déo akafungua kifungo cha blauzi, akapaka tone moja palepale alipozoea, akaketi mbele yake bila kuachia kifundo. Wakakaa. Kuku waliusogelea ungo wakala mchele, hakuna aliyewafukuza. Divine alikuja kuuliza jambo, akawaona nyuso zao, akaondoka. Ule ukali wa kwanza ulipanda ukapotea. Georgette alikuwa akimtazama utosini, na Déo hakuthubutu kuinua uso. Alipoona mafuta yameshapata joto, aliinama akanusa.

Ilikuwa ileile. Hata mbele ya hakimu angeapa.

"Iko kwenye shati ya Patrice," alisema. "Leo, asubui. Harufu ya mwili yako iko kwenye shati ya Patrice."

Georgette alivuta mkono wake. Hakupiga kelele. Uso wake ulibadilika polepole, kwanza kama mtu asiyesikia vizuri, halafu kama mtu aliyesikia zaidi ya alichoambiwa.

"Ulinipaka juu ya ile?" aliuliza. "Ulikuwa unanipima, sawa vile banapimaka mbuzi ku soko?"

"Jibu."

"Sina jibu ya muntu mwenye ameisha kujijibu."

Akainuka. Alifunga nguo zake na za Divine kwenye kitenge, akasimamisha pikipiki barabarani, na kabla jua halijazama alikuwa ameshika njia ya kwao Lusenda. Mchele ulibaki chini na kuku wake.

Siku zilizofuata Déo alifungua meza akafunga meza, na katikati hakujua alifanya nini. Wivu ulimfanya fundi wa picha. Aliwaona Georgette na Patrice ndani ya lori, aliwaona kando ya maji, aliwaona wakimcheka kwa ajili ya mbuzi dume wa Mama Fanny. Kilichomtesa zaidi kilikuwa kidogo sana: kwamba Patrice alikuwa amenusa jinsi yasmini inavyobaki kwenye ngozi ya Georgette jioni, ule mwisho wake, ambao sokoni hakuna mteja aliyewahi kuungoja. Huo ulikuwa wake yeye. Alikuwa ameugawa mwanzo kwa watu wote, akajiwekea mwisho, na sasa hata mwisho ulikuwa umechukuliwa.

Akasikia kwa wapagazi kwamba lori la Patrice limeonekana limesimama Lusenda, limesimama kabisa, halishushi mzigo wala halipakii. Hakumaliza kusikiliza. Aliacha sanduku kwa Mama Fanny, akapanda pikipiki, na njia nzima ziwa lilikuwa mkono wake wa kulia linang'aa bure. Alikuwa ameandaa maneno. Alikuwa ameandaa hata ngumi, ingawa hakuwahi kumpiga mtu tangu utoto.

Lori alilikuta kweli, chini kidogo ya nyumba ya wakwe. Aliruka kutoka kwenye pikipiki, akaingia kwa njia ya nyuma, kupitia migomba. Mwanamke mrefu alikuwa anapita mbele yake na beseni la vyombo kichwani, amempa mgongo, na upepo kutoka ziwani ukamletea Déo ile harufu: mkate, mlimao. Alimfikia kwa hatua za mbio, akamshika kifundo cha mkono.

"Mama Divine! Leo nimewakamata!"

Beseni lilianguka, sahani zikatawanyika. Mwanamke aligeuka akipiga yowe, na hakuwa Georgette. Alikuwa Aline, mdogo wake.

Aline alikuwa amekaa Uvira miaka mingi akisomea ukunga, na aliporudi Lusenda Déo alimwona mara moja tu, kwenye msiba, akiwa hajapaka kitu. Sasa alisimama katikati ya sahani, mkono wake umo kwenye mkono wa shemeji yake, na Déo alikuwa ameinamisha pua juu ya kifundo chake kama mtu aliyerogwa. Harufu ilikuwa moja. Mama mmoja, baba mmoja, ngozi moja.

Watu walitoka nyumbani. Alitoka baba mkwe, mzee mfupi aliyetembea kwa fimbo. Alitoka mjomba wa Patrice, amevaa koti, na nyuma yake Patrice mwenyewe, naye amevaa koti, kola imembana. Alitoka Georgette, anapangusa mikono kwenye kitenge. Aliwatazama Déo na Aline, akaviona vidole vya mumewe vilipo, akaelewa kabla ya wote.

"Mwachilie," alisema.

Déo akauachia.

"Nini hii?" baba mkwe aliuliza. "Wageni beko ndani banaleta maneno ya kuoa, na wewe unakamata mutoto yangu sawa mwizi?"

Ndipo Patrice akasogea, akasema kwa sauti ya chini, akimwangalia Déo kwa huruma ambayo Déo aliona ni mbaya kuliko ngumi:

"Yaya Déo, kila manukato nilimuletea Aline ilikuwa inamugeukia. Ingine ilimuumiza kichwa. Njo akaniambia, nenda kwa yaya yangu ku Baraka, ngozi yetu iko moja; yenye itamufaa yeye, itanifaa na mimi. Njo ile nilikuja kunusa. Ile Jumapili nilipitia hapa, nikamuaga."

Aline aliinamisha uso. Baba mkwe akakohoa, maana hilo la kuagana naye alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza.

"Sasa juu ya nini hamukuniambia?" Déo alimgeukia mkewe.

"Tukuambie wewe, na ile kinywa yako ya soko?" alisema Georgette. "Jua isingezama, Baraka nzima ingejua mutoto wa papa iko na muntu na papa mwenyewe hajaambiwa bado. Aline alinipa siri, nikaishika." Akateremsha mkono wa blauzi. "Lakini hata ile siku, ungeniuliza, ningekuambia. Hukuniuliza. Uliuliza mukono."

Déo alitaka kusema kwamba mkono haukudanganya, kwamba pua yake ilikuwa sahihi, kwamba harufu ilikuwa ileile kweli. Aliona jinsi maneno hayo yatakavyosikika, akayameza. Alichuchumaa akaanza kuokota sahani. Aline naye akachuchumaa, na wakaziokota pamoja bila kutazamana.

Wazee walimaliza maneno ya Aline kwanza, kwa sababu wageni walikuwa wametoka mbali. Ya Déo yalizungumzwa siku nyingine. Akatakiwa kuleta mbuzi kwa kumdhalilisha binti wa watu, na mwingine kwa ajili ya Aline, naye akawaleta akiwakokota mwenyewe barabarani, huku waliomfahamu wakimuuliza kama bado ananuka kama wao. Mbuzi hao hawakumrudisha Georgette. Alirudi baadaye, baada ya arusi ya mdogo wake, siku aliyoichagua mwenyewe, na alirudi na sharti. Meza itakuwa yake. Atamnyooshea mkono anayetaka, atamnyima asiyemtaka, na Déo atakaa kwenye kigoda.

Déo alikubali. Asingekubali angefanya nini?

Ingekuwa vizuri kusema kwamba wivu ulimtoka. Haukumtoka. Kwenye arusi, Aline alipopita na yasmini yake katikati ya watu, Déo alimwona Patrice anafumba tena macho, na ingawa sasa alijua macho yale yalifumbwa kwa ajili ya nani, lile jambo la kooni lilimrudia. Safari hii hakuwa na mtu wa kumlaumu. Alitambua kwamba tangu asubuhi ile ya kwanza alichomwonea Patrice kijicho hakikuwa mke tu. Ni muda gani umepita tangu yeye mwenyewe ainamie mkono ule bila kumfikiria mteja? Hakukumbuka. Alikuwa ameunusa kila siku kama mtu anavyoonja chumvi ya mchuzi wa kuuza.

Juzi Georgette aliamua kwenda Kigoma mwenyewe kuchagua mafuta, kwa kuwa Déo ziwa humtapisha. Alimsindikiza hadi kwenye boti, amebeba mfuko wake, na Divine amewatangulia. Palikuwa na wafanyabiashara wengi, wanaume kwa wanawake, wanagombania nafasi.

"Utakaa na nani?" aliuliza.

"Na Solange wa Mutambala."

"Na upande ingine?"

"Sijue. Kuko papa mumoja wa vitenge."

"Iko na miaka ngapi?"

Kicheko cha Georgette kilichelewa, kikaja. Alijibu hilo, akajibu na mengine yaliyofuata, moja moja, mpaka nahodha akapaza sauti na injini ikanguruma. Déo alibaki ufukweni mpaka boti ikawa ndogo. Kisha akaenda sokoni, akafungua sanduku, akakunja mkono wa shati. Wateja walikuja, wakatazama huku na huku, wakauliza mwenyewe yuko wapi.

"Amevuka," aliwaambia, na siku nzima hakuuza hata chupa moja.